Amana Isiyolala: Vichocheo vya Kuchagua Benki Inayojali Mazingira Katika Eneo la Suam, Kitale na Bungoma

Utangulizi

Mto Suam huchimbuka katika Mlima Elgon, huteremka ukiwa mpaka baina ya Kenya na Uganda, kisha hugeukia kaskazini na kuingia katika bwawa la Turkwel, ambako maji yake huzalisha umeme kabla ya kuendelea na safari hadi Ziwa Turkana. Katika kituo cha mpakani kinachobeba jina la mto huo, wakulima wa Endebess na wenzao wa Bukwo, upande wa Uganda, huuziana mahindi, viazi, vitunguu na karoti. Msabaoti, Mbukusu, Mpokot na mgeni aliyevuka kutoka ng'ambo huelewana bei kwa Kiswahili. Jioni inapoingia, fedha za siku hiyo hugawanyika: nyingine hubaki kwenye simu, nyingine huenda katika chama, nyingine hupokelewa na wakala wa benki, na kiasi kingine husafiri hadi matawi ya benki mjini Kitale.

Makala hii inachunguza kinachoweza kumfanya mwenye fedha hizo achague taasisi moja ya fedha na kuiacha nyingine kwa sababu ya jinsi inavyoitendea ardhi, maji na misitu. Huenda suala hili likaonekana kuwa la wanauchumi, wala si la wanafunzi wa Kiswahili. Hata hivyo, uteuzi wowote wa mteja hutanguliwa na maneno: tangazo alilosikia redioni, maelezo ya karani, fomu aliyotia sahihi, au kauli ya jirani anayemwamini. Pale maneno yanapokosekana, uteuzi nao hukosekana, hata kama nia ipo.

Kwa madhumuni ya makala hii, benki inayojali mazingira ni taasisi ambayo, kabla ya kumpa mtu mkopo, huuliza mkopo huo utaufanya nini udongo, mto, msitu au hewa, na ambayo huwaeleza wateja wake jibu la swali hilo. Ufafanuzi huu unaacha nje mambo mengi yanayotangazwa kwa jina la mazingira. Kupanda miche mia tano siku ya sherehe, mbele ya kamera, ni jambo jema, lakini si sawa na kukataa kumkopesha anayefyeka msitu. Vivyo hivyo, benki inayomhimiza mteja apokee taarifa zake kwa simu badala ya karatasi inapunguza gharama zake kwanza. Kwamba miti nayo hunusurika ni faida ya ziada.

Amana na safari yake

Neno amana lina asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili limebeba maana ya kitu anachokabidhiwa mtu akitunze hadi mwenyewe atakapokihitaji. Anayepokea amana huaminiwa, na kuila amana ya mtu ni aibu kubwa katika jamii za Waswahili. Lugha ya benki ililichukua neno hili likiwa na uzito wake wote wa kimaadili na kulifanya liwe jina la fedha zinazowekwa katika akaunti. Msamiati huo ni mzuri, ila unaficha jambo moja la msingi: amana ya benki haitunzwi mahali ilipowekwa. Benki huikopesha. Shilingi iliyowekwa Kitale Jumatatu inaweza kuwa sehemu ya mkopo wa trekta Cherangany, wa jumba la ghorofa Nairobi au wa kiwanda kilicho mbali kabisa na macho ya aliyeiweka.

Wakazi wa Bungoma wanao mfano wa karibu wa namna fedha zinavyoweza kubadilisha nchi. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills, kilichojengwa Webuye kando ya Mto Nzoia, kilianza uzalishaji katika miaka ya 1970. Serikali ya Kenya, wawekezaji kutoka India na tawi la Benki ya Dunia linalowekeza katika kampuni binafsi walikuwa miongoni mwa waliotia fedha zao humo. Kiwanda kilikuza mji, kikaajiri watu wengi na kuwapa wakulima soko la miti. Kwa upande mwingine, kilihitaji magogo mengi kutoka misitu ya kupandwa ya magharibi mwa nchi, na kwa miaka mingi wakazi walilalamikia harufu, moshi, mabati yaliyoliwa na kutu na maji machafu yaliyotiririka mtoni. Kilifungwa mwaka 2009 kikiwa na madeni, na mwaka 2016 kikauzwa kwa mwekezaji mwingine. Kinachostahili kuzingatiwa hapa ni kwamba mjadala wa Webuye ulihusu kiwanda, serikali na wafanyakazi. Waliokikopesha hawakutajwa sana. Hata leo, mwenye akaunti ya akiba hajioni kuwa na sehemu yoyote katika moshi unaotoka kwa aliyekopeshwa na benki yake.

Mtaalamu wa saikolojia ya jamii Icek Ajzen, katika nadharia yake ya tendo lililopangwa aliyoifafanua mwaka 1991, anaeleza kwamba nia ya mtu kutenda jambo hujengwa na mambo matatu: mtazamo wake kuhusu jambo lenyewe, kaida za watu anaowathamini, na kiasi anachojiona ana uwezo wa kulitenda. Nadharia hii imetumika sana kuchunguza mienendo ya wanunuzi wa bidhaa zinazohifadhi mazingira, na mara nyingi imebainika kuwa mtazamo mwema peke yake hautoshi. Watu husema wanapenda mazingira, kisha hununua kilicho rahisi. Mambo hayo matatu yanatumika hapa kama mwanga, ingawa katika mazingira ya Suam uzito wake haulingani hata kidogo.

Shamba kama kichocheo

Ikubaliwe tangu mwanzo kwamba mkulima wa Trans Nzoia hachagui benki kwa kuanzia na mazingira. Huanza na umbali, ada, riba na kasi ya kupata mkopo kabla mvua za Machi na Aprili hazijaanza. Mavuno ya mahindi huja kati ya Oktoba na Desemba, na Januari hufika na karo za shule. Taasisi isiyoelewa kalenda hiyo haichaguliwi, hata ikipaka matawi yake yote rangi ya kijani. Kwa hivyo swali la maana si kama mkulima anapenda mazingira kuliko mfuko wake. Linalofaa kuulizwa ni lini mazingira huingia ndani ya mfuko huo.

Jibu mojawapo linapatikana katika mradi wa kilimo na kaboni uliotekelezwa Kisumu na Kitale na shirika la Vi Agroforestry kutoka Uswidi, lililoanza kazi ya kupanda miti magharibi mwa Kenya mwaka 1983. Mradi huo, ulioungwa mkono na mfuko wa BioCarbon wa Benki ya Dunia, ulilenga wakulima wapatao 60,000 na eneo la hekta 45,000. Wakulima walifundishwa kuacha mabaki ya mazao shambani, kutengeneza mboji, kupanda miti katikati ya mimea na kuzuia mmomonyoko. Kaboni iliyohifadhiwa katika udongo na miti ilipimwa, na Januari 2014 mradi ukapata vyeti vyake vya kwanza, vya tani 24,788, ambavyo vilikuwa vya kwanza duniani chini ya utaratibu huo wa kupima kaboni ya mashambani.

Mtu aliye mbali angedhani kwamba malipo ya kaboni ndiyo yaliyowavuta wakulima. Sivyo. Tani hizo zikigawanywa kwa idadi kubwa namna ile ya kaya, na sehemu ya mapato ikilipia gharama za mradi, kinachomfikia mkulima mmoja ni kidogo mno. Waliobuni mradi walilijua hilo, na tangu mwanzo waliyachukulia mavuno bora kuwa faida kuu, malipo ya kaboni yakiwa nyongeza tu. Udongo ulioshika maji wakati wa kiangazi, kuni zilizopatikana bila kupanda mlimani na majani ya kulishia ng'ombe vilisema zaidi kuliko cheti ambacho mwenyewe hakukiona. Pamoja na mafunzo ya kilimo, vikundi vilihimizwa kuweka akiba na kukopeshana. Kwa njia hiyo mboji na daftari la akiba vilikutana katika kikao kimoja, chini ya mti mmoja, na mkulima akaanza kuhesabu udongo miongoni mwa mali zake.

Mfano wa pili ulianzia Bungoma mwaka 2006, wakati shirika la One Acre Fund lilipoanza kuwapa wakulima wadogo mbegu na mbolea kwa mkopo unaolipwa kidogo kidogo, pamoja na mafunzo. Baadaye taa za sola na miti vilijumuishwa. Shirika hili si benki, lakini kwa kaya nyingi za Bungoma na Trans Nzoia ndilo lililokuwa mlango wa kwanza wa mkopo rasmi. Nchini Kenya sasa linajulikana kwa jina la Tupande. Kwa mwanafunzi wa sarufi, jina hilo linastahili kutazamwa: ni kitenzi cha dhamira tegemezi, nafsi ya kwanza wingi, chenye kuhimiza bila kuamuru. Anayehimiza yumo ndani ya kazi anayoihimiza. Majina ya mikopo katika benki nyingi hayafanyi hivyo. Humtaja mteja kama mpokeaji wa huduma, kisha huishia hapo.

Taa ya sola nayo inaonyesha jambo lile lile. Kampuni ya M-KOPA ilipoanza kuuza sola kwa malipo madogo ya kila siku kupitia simu mwaka 2012, hesabu iliyomshawishi mteja ilikuwa ya mafuta ya taa. Alilinganisha alichokuwa akilipa dukani kila jioni na alichotakiwa kulipia taa isiyo na moshi, ambayo ingekuwa yake baada ya muda. Kifua cha mtoto anayesomea karibu na kibatari kiliingia katika hesabu hiyo. Tabianchi ya dunia haikuhitajika ili hesabu ikamilike, ingawa ilinufaika.

Muda wa mti na muda wa mkopo

Wazee wa sehemu hizi husema kwamba mti ni akiba, na hawasemi hivyo kwa mafumbo. Mtu hupanda mikaratusi mtoto anapozaliwa, akaikata anapohitaji karo ya sekondari. Misemo miwili ya Kiswahili inakutana hapa kwa namna ya kuvutia. Haba na haba hujaza kibaba ni methali ya mweka akiba. Bandu bandu huisha gogo ni methali ya kutahadharisha, na picha yake imetoka moja kwa moja kwa shoka na mti. Aliye na akaunti na aliye na msitu wanatumia hesabu moja, mmoja akijumlisha na mwingine akitoa.

Tatizo ni kwamba mti na mkopo haviendi kwa mwendo mmoja. Mgrivilea huhitaji miaka kumi hivi kabla ya kupasuliwa mbao za maana. Mikopo mingi anayoweza kuipata mkulima mdogo hulipwa ndani ya mwaka mmoja au miwili, tena kila mwezi. Ni vigumu sana kumwambia mtu apande mti kwa mkopo atakaoanza kuulipa kabla mche haujafika magotini. Katika pengo hilo, mkaratusi hushinda, kwa kuwa hutoa fito na nguzo za ujenzi mapema. Lakini mkaratusi hunywa maji mengi, na ulipandwa hata kwenye kingo za mito na chemchemi. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe. Walioipanda walikuwa wameitika wito wa kupanda miti. Hali hii inaonyesha kwamba si kila kilicho na majani ni cha kijani kwa maana inayotafutwa, na kwamba taasisi ya fedha yenye nia njema lakini yenye mkopo mfupi inaweza kumsukuma mteja wake kwenye mti usiofaa.

Gharama ya kukosea inajulikana pande zote mbili za mlima. Tarehe 1 Machi 2010, mvua kubwa iliporomosha udongo wa Bududa, upande wa Uganda, na kufukia vijiji pamoja na watu wengi. Miteremko mikali ilikuwa imelimwa kwa sababu watu hawakuwa na ardhi nyingine. Mkopo wa mbegu unaoongeza mavuno bila kuuliza mteremko ukoje hauwezi kuitwa wa kijani, hata mkopaji akilipa kila senti kwa wakati.

Jirani na daftari la chama

Kaida za jamii, ambazo Ajzen anazitaja kama kichocheo cha pili, huonekana wazi zaidi katika chama kuliko katika benki. Katika chama cha akiba, wanachama huketi pamoja, kila mmoja hutoa mchango wake, na anayetaka kukopa hutaja mbele ya wenzake anachokopea. Mmoja atasema ni ng'ombe wa maziwa, mwingine pampu ya kumwagilia, mwingine tanuri la matofali. Wenzake wanajua tanuri hilo litawashwa kwa kuni za wapi. Wanaweza kukubali, kwa kuwa mwenzao ana shida, au wakamshauri vinginevyo. Uamuzi wao si lazima uwe mwema kwa msitu, wala haipaswi kuwapamba watu wa vyama kana kwamba ni walinzi wote wa mazingira. Wengi wamekopeshana fedha za kununulia makaa bila kusita. La muhimu ni kwamba mweka akiba anajua. Fedha yake haijatoka machoni pake. Ikiwa mkopo huo utaharibu chemchemi, yeye mwenyewe ndiye atakayeenda mbali zaidi kuteka maji.

Vyama vikubwa vya akiba na mikopo, kama vile vya walimu na wakulima, viko katikati. Mwanachama ana kura katika mkutano mkuu wa kila mwaka na anaweza kuuliza swali. Katika mikutano hiyo, gawio ndilo jambo linalosubiriwa, na swali kuhusu mito huenda likachukuliwa kuwa la kuchelewesha chakula cha mchana. Hata hivyo, mlango upo. Katika benki ya biashara, mwenye amana asiye na hisa hana mlango kama huo. Silaha yake ni moja tu: kuondoa fedha zake na kuzipeleka kwingine. Ili aitumie, anahitaji kujua kwanza fedha hizo zilienda wapi.

Kuona fedha ziendako

Kichocheo cha tatu, yaani mtu kujiona ana uwezo wa kutenda, ndicho kinachokosekana zaidi. Mifano ya nje inasaidia kukieleza. Benki ya Triodos, iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 1980, huchapisha majina ya wale inaowakopesha ili mweka amana aweze kuyasoma. Nchini Uingereza, Co-operative Bank iliwauliza wateja wake maoni kabla ya kutangaza sera yake ya maadili mwaka 1992, ikieleza ni biashara za namna gani haitazikopesha. Katika mifano hiyo miwili, mteja hakuhitaji kuwa mtaalamu wa misitu. Alihitaji orodha tu, iliyoandikwa kwa lugha anayoielewa.

Katika Afrika Mashariki, orodha ya namna hiyo imeanza kuonekana kupitia hati fungani. Mwaka 2019 kampuni ya Acorn ilitoa hati fungani ya kijani ya kwanza nchini Kenya kwa ajili ya kujenga mabweni ya wanafunzi Nairobi, ikapata shilingi bilioni 4.3 kati ya bilioni 5 ilizozitafuta. Mwaka 2023 benki ya CRDB ya Tanzania ilitoa hati fungani iliyoitwa Kijani Bond, ya miaka mitano, yenye riba ya asilimia 10.25 kwa mwaka. Ilitafuta shilingi bilioni 40 za Tanzania. Ikapata bilioni 171.8. Wanunuzi walikuwa mchanganyiko wa taasisi na watu binafsi, na si haki kudai kwamba wote walisukumwa na mapenzi ya misitu. Riba ilikuwa nzuri. Pamoja na hayo, mnunuzi alijua jambo ambalo mweka amana wa kawaida halijui: fedha hizo zilikuwa zimetengewa miradi ya aina fulani, na mtoaji alikuwa ameahidi kutoa taarifa. Faida na ufahamu vilikwenda pamoja, na ushahidi uliopo unaonyesha kwamba vikienda pamoja, watu huitika.

Vikitengana, mteja hubaki gizani. Benki ya KCB, yenye tawi Kitale na yenye wateja wengi magharibi mwa Kenya, iliidhinishwa mwaka 2020 na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, jambo linaloiwezesha kupitisha fedha za miradi ya mazingira. Machi 2025, kampuni inayojenga bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Tanga, ilitangaza awamu ya kwanza ya mikopo kutoka kwa taasisi za fedha, na KCB Uganda ilikuwa mojawapo, pamoja na Stanbic Uganda, Standard Bank ya Afrika Kusini na Afreximbank. Mabenki kadhaa ya Ulaya yalikuwa yametangaza kwamba hayatalikopesha bomba hilo, baada ya kampeni ndefu za watetezi wa mazingira. Serikali za Uganda na Tanzania, kwa upande wao, zinashikilia kwamba nchi zao zina haki ya kunufaika na rasilimali zao kama zilivyonufaika nchi nyingine, na hoja hiyo haiwezi kupuuzwa na mtu yeyote anayejua umaskini wa eneo hili.

Si kazi ya makala hii kuamua nani ana haki katika mvutano huo. Inatosha kuona kwamba habari mbili kuhusu kundi moja la benki zilikuwa wazi kwa umma, na kwamba ni mteja wa aina gani wa Kitale angeweza kuziweka pamoja. Angehitaji Kiingereza, intaneti na muda wa kusoma. Mteja wa benki ya Ulaya alizisoma katika gazeti lake, akaandika barua, na benki yake ikajiondoa. Tofauti kati ya wateja hawa wawili haimo katika mapenzi yao kwa ardhi. Wa Kitale ndiye anayeishi karibu zaidi na ardhi hiyo.

Kijani kama neno

Neno kijani limetokana na jani, nalo mazingira limetokana na kitenzi zingira. Maneno yote mawili yana picha ndani yake: la kwanza linaonekana kwa macho, la pili linamweka mtu katikati ya kitu kilichomzunguka. Ni bahati kwa Kiswahili kuwa na istilahi zinazojieleza namna hii. Msabaoti ambaye hakupita shule anaposikia mazingira, anaweza kuelewa kwamba yumo ndani yake. Lakini neno kijani linapoingia katika matangazo ya biashara, hugeuka kuwa sifa isiyo na kipimo. Akaunti ni ya kijani, kadi ni ya kijani, hata jengo lenye vioo vitupu ni la kijani. Bado hakuna istilahi iliyokubalika ya tabia hii ya kampuni kujipaka rangi ya kijani huku matendo yake yakiwa mengine. Kisichokuwa na jina ni vigumu kukishtaki, na hapa wanaisimu wana deni.

Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo wa kushughulikia hatari za tabianchi Oktoba 2021, na Aprili 2025 ikatoa mfumo wa kuainisha shughuli zinazostahili kuitwa za kijani, pamoja na utaratibu wa mabenki kuweka wazi hatari zao za tabianchi. Mfumo huo wa 2025 unagusa kilimo, misitu, nishati na ujenzi. Kwa maneno mengine, unamgusa mkulima wa Endebess moja kwa moja. Umeandikwa kwa Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Na kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari zinazomwezesha kunufaika nazo. Vifungu hivyo vitatu vinakutana katika dirisha la benki, kwenye fomu ambayo mteja wa Suam huoneshwa mahali pa kutia sahihi.

Tafsiri inayohitajika si ya waraka mzima wenye mamia ya vipengele. Ukurasa mmoja ungetosha kuanzia, kwa Kiswahili cha sokoni, wenye kueleza benki inakopesha sekta gani kwa kiasi gani, ni shughuli zipi haikopeshi, na ni mkopo upi unaongoja mti ukue. Istilahi kadhaa ziko tayari: hati fungani, amana, dhamana, gawio, tabianchi. Nyingine bado zinayumba, kama vile kaboni, ambayo wengine huiita hewa ukaa. Na mkulima aliyepewa cheti cha tani za hewa ana haki ya kuuliza hewa hupimwaje kwa mizani. Vyama vya Kiswahili katika vyuo vikuu vinao watu wa kuifanya kazi hiyo, na kituo cha mpakani cha Suam kina wasomaji wa kuijaribu tafsiri hiyo mbele yao siku yoyote ya soko.